Pikipiki kuukuu Mbeya na Iringa: faida iko kwenye rafu ya spea

Mfanyabiashara anayeingia katika biashara ya kufufua pikipiki kuukuu mkoani Mbeya au Iringa mara nyingi hupoteza fedha zake siku ya kununua, si siku ya kuuza. Huona tangi lisilobonyea, fremu iliyonyooka na nembo ya kampuni yenye jina, akalipa bila kuuliza zaidi. Miezi sita baadaye chombo bado kimeegemea ukuta wa gereji kikisubiri pistoni. Mtaji umelala, na mtaji uliolala hauzai.

Kinachoamua kama pikipiki ya mwaka 1978 itarudi barabarani kwa faida si umri wake, wala sifa ya nchi ilikotengenezwa. Ni maswali matatu ya kawaida ya sokoni: spea zake zinauzwa na nani, zinauzwa wapi, na zitachukua muda gani kumfikia fundi. Anayepata majibu kabla ya kulipa anafanya biashara. Anayeyatafuta baada ya kulipa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

ZILIKOTOKA

Pikipiki kuukuu zilizotawanyika Nyanda za Juu Kusini ziliingia kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la wakati wa utawala wa Mwingereza, lililoleta mashine za Uingereza kama BSA. Hizo zilikuwa vyombo vya walowezi, wamisionari na maofisa wa serikali, katika miaka ambayo dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, ilivuta watu wengi, hasa miaka ya 1930, na mashamba makubwa yalipofunguliwa upande wa Iringa.

Wimbi la pili lilikuja baada ya Uhuru na lilitoka Japani. Honda, Yamaha na Suzuki ziliingia kwa wingi miaka ya 1970 na 1980 kupitia wizara, mashirika ya umma, misheni na miradi ya wafadhili. Mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, kwa mfano, ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi mkubwa wa maji vijijini uliofadhiliwa na Denmark miaka ya 1980. Kazi za aina hiyo, pamoja na za mabwana shamba, hazikuweza kufanyika kwa miguu.

Wimbi hilo liligongana na uhaba wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuagiza hata sahani za klachi lilikuwa jambo la vibali na foleni. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa kufufua uchumi. Spea zilipoanza kurudi madukani, kampuni za Japani zilikuwa zimeshabadili matoleo. Ndiyo maana baadhi ya pikipiki za miaka hiyo hazikusimama kwa kuchoka, bali kwa kukosa kipande kimoja. Hizo ndizo mnunuzi makini anazozitafuta.

HONDA CG125 NA NAKALA ZAKE

Katika kundi lote hilo, mashine moja ina hadhi ya pekee sokoni. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa mahsusi kwa nchi ambazo wenye pikipiki hawabadilishi oili kwa wakati, hupakia kupita kiasi na hupita barabara za vumbi. Wahandisi waliacha muundo wa kamshafti ya juu inayoendeshwa kwa mnyororo mdogo, wakarudi kwenye fito zinazosukuma valvu kutoka chini. Ni muundo wa zamani zaidi, lakini unavumilia oili chafu na fundi wa kijijini anaumudu.

Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, hivyo kupata ujazo wa cc 124. Namba hizo mbili zinafaa kukaririwa na kila mwenye nia ya kuwekeza, kwa sababu ndizo zilizoifanya CG isife.

Baada ya Japani, CG125 ilitengenezwa pia Brazil. Nchini China kampuni ya ubia ya Wuyang-Honda, iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 1992, nayo iliitengeneza. Viwanda vingine vya China vikaunakili muundo huo, na karakana nyingi ndogo zikajikita kila moja katika kipande kimoja: huyu pistoni, yule kabureta, mwingine klachi. Vipande vikawa vya vipimo vinavyofanana, vikiuzwa kwa yeyote anayeunganisha pikipiki. Pikipiki za bei nafuu za Kichina zilipoingia Tanzania kwa wingi miaka ya 2000, na kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua rasmi pikipiki za kubeba abiria, nyingi zilikuja na injini ya ukoo huo.

Matokeo yake ni kwamba spea nyingi za injini ya Honda iliyosimama tangu miaka ya 1980 zinapatikana leo katika duka la spea za bodaboda Mwanjelwa, Mafinga au Makambako. Mwenye duka huenda hajawahi kuiona CG125 halisi, lakini anauza damu yake kila siku.

Jambo hili si geni duniani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, muundo wa pikipiki ndogo ya Kijerumani DKW RT125 ulichukuliwa na washindi wa vita. Waingereza wakautumia kutoa BSA Bantam mwaka 1948, Warusi wakatoa Moskva, Wamarekani wa Harley-Davidson nao wakatoa yao, na Yamaha ya Japani ikafuata mkondo huo kwa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, mwaka 1955. Royal Enfield ya Uingereza ilianza kutengenezwa Madras, India, mwaka 1955, na jina hilo likaendelea kuishi India baada ya kiwanda cha kwao kufungwa. Kila mahali kanuni ni ile ile: mashine iliyonakiliwa sana ndiyo inayozeeka ikiwa na spea.

KUSOMA NAMBA YA INJINI

Dukani, neno "inaingia" husemwa kwa wepesi mno. Njia ya uhakika ni kusoma maandishi yaliyogongwa kwenye injini ya Kichina inayotajwa kuwa ndugu wa Honda. Mfano ni 156FMI. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata, 56, ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F maana yake inapozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Injini ya 162FMJ ina silinda ya milimita 62, na herufi J ni daraja la cc 150. Pistoni ya moja haiingii katika silinda ya nyingine, hata kama maboksi yake yanafanana rangi.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi. Maandishi ya 157FMI huonekana pia kwenye injini zilizonakiliwa kutoka Suzuki GN125, ambazo zina kamshafti ya juu na hazina undugu na CG. Fundi aangalie kama injini ina fito za kusukuma valvu au mnyororo wa taimingi kabla ya kutoa fedha. Aidha, spea za pikipiki za Kihindi kama Bajaj Boxer na TVS, ingawa zimejaa kila kona, ni za miundo yao wenyewe. Kinachofaa humo kwa pikipiki kuukuu ni vitu vya jumla kama balbu, plagi zenye uzi unaolingana, tyubu na nyaya.

Kwa anayetaka spea halisi za Honda, namba ya kipuri ina mafungu matatu. Fungu la kwanza la tarakimu tano hutaja aina ya kipande, la pili la tatu hutaja toleo ambalo kipande kilibuniwa kwa ajili yake, na la mwisho ni mabadiliko yaliyofuata. Pistoni ya kawaida huanza na 13101. Pistoni iliyoongezwa milimita 0.25 huanza na 13102, ya 0.50 na 13103, ya 0.75 na 13104, na ya 1.00 na 13105. Anayeagiza bila kujua silinda imeshachongwa mara ngapi anaagiza kwa kubahatisha. Kipimo cha venia, na kipande cha zamani kubebwa mkononi hadi dukani, vimeokoa fedha nyingi kuliko maneno ya muuzaji.

MADARAJA MATATU YA SPEA

Kwa mtazamo wa soko, pikipiki kuukuu zinaweza kupangwa katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni zile ambazo spea zake hupatikana ndani ya siku mbili bila kutoka mkoani. Hapa CG125 inaongoza. Kasoro yake kubwa ni umeme. Matoleo ya awali yalikuwa ya volti 6 na yaliwasha kwa platini, wakati spea za bodaboda ni za volti 12 na kisanduku cha CDI. Kuchanganya mifumo hiyo miwili kunaunguza balbu, betri au koili. Fundi hana budi ama kubaki na mfumo wa zamani wote, au kuhamisha mpya wote kuanzia sumaku hadi kidhibiti chaji. Nusu kwa nusu ni hasara.

Daraja la pili ni za Kijapani ambazo spea zake hupatikana kwa kuagiza. Humo zimo pikipiki za injini ya mapigo mawili kama Yamaha AG100, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa mashamba ya Australia na New Zealand na baadaye kutumiwa na miradi mingi ya misaada Afrika, pamoja na Yamaha DT na Suzuki TF125. Ni mashine imara, lakini hazikunakiliwa kwa kiwango cha CG. Krenki, pistoni na pampu ya oili havimo kwenye rafu ya bodaboda. Hata gurudumu la mbele la inchi 21 la DT halipatikani kila duka, kwa kuwa bodaboda nyingi hutumia inchi 17 na 18.

Daraja la tatu ni za Kiingereza. Ajabu ni kwamba BSA M20 ya cc 500, iliyotengenezwa zaidi ya 100,000 kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, huenda ikapatiwa spea kwa urahisi kuliko Yamaha ya mwaka 1983. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini wapenzi wa pikipiki hizo Uingereza wameendelea kuwapa kazi watengenezaji wadogo wa spea. Tatizo ni bei na ugeni wake. Nati na bolti zake ni za vipimo vya Kiingereza, hivyo spana za milimita huzila kona na maduka ya bolti ya mjini hayana mbadala. Tairi nyingi ni za inchi 19. Fundi anayelazimisha bolti ya milimita kwenye uzi wa Kiingereza anaharibu kipande ambacho kingeuzwa kwa fedha nzuri.

SAFARI YA KIPURI

Chanzo cha kwanza ni masoko ya karibu. Mwanjelwa, jijini Mbeya, inahudumia mji na wilaya za jirani, na maduka ya Iringa mjini yanahudumia hadi Kilolo na Mufindi. Chanzo cha pili ni Kariakoo, Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Mzigo mdogo husafiri kwa basi na kufika siku inayofuata. Picha ya kipande na vipimo vyake vitumwe kabla ya fedha, kwa sababu nauli ya kurudisha kipande kisichoingia humwangukia mnunuzi.

Chanzo cha tatu ni pikipiki zinazofunguliwa na kuuzwa vipande vipande. Hiki ndicho chanzo bora kwa vitu ambavyo Wachina hawakunakili: matangi, vifuniko vya pembeni, dashibodi na taa zenye nembo. Mwekezaji mwenye busara hununua pikipiki mbili zilizokufa za toleo moja ili apate moja inayokwenda. Apime jambo hilo mapema, kwa kuwa wanunuzi wa chuma chakavu nao wanazitaka, na wao hulipa papo hapo kwa kilo. CG125 ina uzito wa karibu kilo 100. Thamani yake kama chuma chakavu ndiyo sakafu ya bei, na hakuna muuzaji mwenye akili atakayeshuka chini ya hapo.

Chanzo cha nne ni nje ya nchi, na hapo ndipo hesabu hugeuka. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35, kutegemea aina ya bidhaa. Hutozwa juu ya bei ya kipande pamoja na bima na usafiri. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kisha hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Uchukuliwe mfano wa kipande cha sh. 100,000 kilichosafirishwa kwa sh. 60,000. Jumla ni sh. 160,000. Kikitozwa ushuru wa asilimia 10, yaani sh. 16,000, kinafika sh. 176,000. VAT ni sh. 31,680. Kipande kimefika sh. 207,680, zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Vipuri vilivyotumika vinaweza kutozwa tofauti na vipya, hivyo ofisi ya TRA iulizwe kabla ya kuagiza.

KAZI YA GEREJI

Hatua ya kwanza baada ya pikipiki kufika ni kutoipiga kiki. Injini iliyokaa miaka mingi hushika kutu ndani ya silinda, na teke moja la nguvu linaweza kuvunja ringi na kuchana ukuta wa silinda. Plagi itolewe, oili nyepesi imiminwe, chombo kiachwe siku kadhaa, kisha gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono likiwa kwenye gia ya juu.

Mahali pikipiki ilipolala pana bei yake. Tukuyu na mabonde ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kutu huko hula fremu kutoka ndani, chini ya kiti na kwenye viungo. Iringa mjini na upande wa Ismani ni pakavu zaidi. Fremu za huko hudumu, lakini mpira wa sili, mabomba na tairi hukauka na kupasuka. Kwa kuwa mpira ni rahisi kubadilisha kuliko fremu, pikipiki ya nchi kavu inastahili kulipiwa zaidi.

Silinda iliyolika ichongwe na fundi mwenye mashine ya kuchonga. Mbeya na Iringa zina karakana za kuchonga vyuma, na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi katika mikoa yote miwili ambako mwekezaji anaweza kuulizia mafundi. Silinda iliyopita kipimo cha milimita 1.00 huhitaji kutiwa slivu mpya. Pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kuifuata. Anayechonga kwanza huishia na tundu lisilo na pistoni.

Suala jingine ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa petroli nyingi mno huku juu: plagi inakuwa nyeusi, moshi unaongezeka na nguvu zinapungua. Fundi asiye makini husema ringi zimekwisha na kumfungulisha mteja injini nzima, kumbe ilihitajika jeti ndogo zaidi.

Breki, beringi za magurudumu, spoki na mnyororo visiachwe nyuma kwa ajili ya rangi. Rangi huuza pikipiki mara moja. Breki mbovu humuua mnunuzi au mtoto aliye barabarani, na fundi mwenye sifa hiyo hapati mteja wa pili.

MFANO WA HESABU

Takwimu zifuatazo si bei za soko, bali mfano wa kuonyesha namna ya kupanga. Pikipiki A ni CG125 iliyokwama injini, inauzwa sh. 450,000. Kuisafirisha ni sh. 40,000. Pistoni, ringi na kuchonga sh. 90,000. Valvu na gasketi sh. 60,000. Kabureta sh. 45,000. Mnyororo na sproketi sh. 45,000. Tairi na tyubu sh. 150,000. Umeme sh. 110,000. Breki na nyaya sh. 40,000. Rangi na kiti sh. 120,000. Ufundi sh. 200,000. Jumla ni sh. 1,350,000. Ikiongezwa asilimia 10 ya dharura, gharama ni sh. 1,485,000. Ikiuzwa sh. 1,800,000 baada ya miezi mitatu, faida ni sh. 315,000, takriban asilimia 21.

Pikipiki B ni ya mapigo mawili ya daraja la pili. Inaonekana nzuri zaidi na bei ni sh. 300,000 tu. Usafiri, kabureta, mnyororo, tairi, umeme, breki, rangi na ufundi ni vile vile, jumla sh. 750,000. Lakini krenki na pistoni vinaagizwa nje kwa sh. 350,000, na usafiri wake pamoja na kodi ni sh. 150,000. Jumla ni sh. 1,550,000, na pamoja na dharura sh. 1,705,000. Ikiuzwa bei ile ile ya sh. 1,800,000 baada ya miezi minane, faida ni sh. 95,000, chini ya asilimia 6. Na kipande kimoja tu kikija cha toleo tofauti, faida yote imekwenda.

Pikipiki B ilinunuliwa kwa sh. 150,000 pungufu, ikagharimu sh. 220,000 zaidi. Katika muda ambao B inatoka mara moja, mtaji wa A ungekuwa umezunguka zaidi ya mara mbili.

KARATASI

Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa mali ya ofisi. Namba za STK ni za Serikali, SU za mashirika ya umma, SM za serikali za mitaa na DFP za miradi ya wafadhili. Chombo cha aina hiyo hakiuzwi na mlinzi wa ghala wala dereva mstaafu. Mnunuzi adai hati ya mnada au idhini ya maandishi ya kuuza. Kwa pikipiki ya mtu binafsi, jina lililo kwenye kadi liwe la muuzaji. Kama mwenyewe amefariki, msimamizi wa mirathi ndiye mwenye haki ya kuuza, si mtoto aliyebaki nyumbani.

Namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi kabla ya fedha kutoka. Anayefunga injini nzima ya Kichina ili kuokoa muda akumbuke kwamba namba ya injini imebadilika na usajili lazima urekebishwe, la sivyo atasimamishwa barabarani akiwa na chombo kisichofanana na karatasi zake. Ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa kuanzia Julai 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Hata hivyo, hali ya kumbukumbu za chombo kilichosimama muda mrefu ithibitishwe TRA.

NANI ANANUNUA

Mnunuzi wa kwanza ni mkulima au mfanyabiashara mdogo wa kijijini anayetaka chombo cha kazi. Kwake, bei ya pikipiki mpya ya Kichina ndiyo dari. Hatalipa zaidi ya hapo kwa ajili ya historia, na anachotaka ni uhakika kwamba spea zipo karibu. Kwa huyu, CG125 yenye umeme mpya na injini ya Kichina ni bidhaa safi.

Mnunuzi wa pili ni mpenzi wa vitu vya kale. Wachache wako Dar es Salaam na Arusha, na wengi zaidi Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance hushindanisha magari na pikipiki za zamani zilizotunzwa. Wengine wako Ulaya. Uingereza hutoza VAT ya asilimia 5 bila ushuru wa forodha kwa vyombo vya wakusanyaji vyenye umri usiopungua miaka 30, lakini kwa sharti kwamba viko katika hali yake ya asili na toleo lake halitengenezwi tena. Mnunuzi huyu hana dari ya bei ya Kichina, lakini injini mpya, tangi la kubandika na rangi isiyo yake vinamfukuza.

Makosa makubwa hutokea pale mwekezaji anapoanza na mnunuzi mmoja akilini na kumaliza na mwingine. BSA iliyofungwa vifaa vya bodaboda haimfai mkulima wala mkusanyaji. CG125 iliyopambwa kwa spea halisi za bei kubwa inagonga dari ya pikipiki mpya na kukaa dukani. Uamuzi wa nani atanunua ufanywe kabla ya kipande cha kwanza kufunguliwa.

Wenye mitaji midogo wanashauriwa kuanza na daraja la kwanza, na kuandaa orodha ya spea kabla ya kutoa hata senti ya kununulia chombo: kipande, kipimo, duka, bei na siku za kusubiri. Pale ambapo mistari mitatu ya orodha hiyo inabaki bila jina la duka, bei ya haki ya pikipiki hiyo ni ile ya chuma chakavu.